Kikombe cha Grisi cha Mjomba

Kuna mama mmoja kijijini kwetu ambaye nikimwona tu anapandisha njia ya mashineni na ndoo yake kichwani, nashika spana hata kama hakuna cha kufungua. Shikamoo nampa. Nampa kwa sababu ya umri wake na kwa sababu mjomba yupo pale ananitazama. Ikishapita hiyo shikamoo, mimi na yeye hatuna mazungumzo. Watu wananiambia, we binti samehe, mbona yamekwisha? Yamekwisha kwa nani? Mimi sijamaliza.

Mjomba ameniruhusu niyaandike haya mradi nisitaje jina la mtu. Sawa, sitaji. Wenyewe watajijua, maana hapa Matombo hakuna asiyejua mashine yetu iko wapi. Ukikosa kuiona utaisikia.

Ni mashine ya kusaga mahindi, ya zamani, chuma kizito na injini yake ya dizeli. Ilitoka kwenye shamba la mkonge lililokufa upande wa Kingolwira, ikapandishwa huku milimani na lori la ndizi lililokuwa linarudi tupu. Mjomba ndiye aliyeileta. Na kwetu sisi Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu yako, baba atake asitake. Nilipofeli kidato cha nne, baba alitaka nipelekwe mjini nikakae kwenye duka la mtu. Mjomba akaja, akakaa, akanywa chai mpaka ikaisha, akasema, "Huyu ana mkono. Mleteni mashineni." Basi. Toka siku ile anayemgusa mjomba amenitia kidole jichoni.

Kufundishwa sikufundishwa. Mjomba anaijua mashine yake kwa kelele. Ikibadilisha sauti anageuka, lakini ukimuuliza kuna nini hawezi kukueleza. Mimi nilijifunza kwa kufungua na kufunga, kuungua vidole kwenye ekzosi, na kutazama video za mafundi kwenye simu. Mtandao unashika kule juu karibu na kanisa, kwa hiyo watu wengi walidhani nimekuwa mcha Mungu ghafla.

Sasa nieleze kikombe, maana ugomvi wote unaanzia hapo. Pembeni ya mashine, pale shafti, kile chuma kinachozunguka, inapokaa kwenye beringi, kuna kikombe cha shaba. Ukubwa wake ni kama vile vikombe vya kahawa wanavyotembeza mjini, na kina mfuniko wa kuzungusha wenye meno meno pembeni. Unakijaza grisi, unafunga, na kila ukiuzungusha mfuniko kidogo, grisi inasukumwa kwenda kwenye beringi. Hakuna bomba wala nini. Vidole tu. Mfuniko ule umeguswa na vidole vya watu mpaka unang'aa kushinda kengele ya misa.

Nasema vidole vya watu kwa sababu kwetu mwendeshaji hazungushi. Anazungusha mteja. Kabla hujamimina mahindi yako unainama, unazungusha robo, unasema, "Naye ale." Mjomba ndiye aliyeuanzisha utaratibu huo, tangu siku za kwanza. Alisema haiwezekani mtu uje kula kwa mwenzio halafu mwenyewe umwache na njaa. Kina mama waliupokea kama umetoka kwenye katekisimu. Wakawafundisha binti zao. Mtu akisahau, foleni nzima inamrukia: "We, mbona hujampa chake?" Nimeona wageni wanacheka, na nimeona wageni haohao wiki ya pili wanainama kimya kimya na kuzungusha.

Grisi yenyewe iko kwenye kopo chini ya kiti cha mjomba. Anayekijaza kikombe ni yeye tu. Hata mimi, fundi wake, kopo lile nilikuwa siligusi. Na siyo grisi ya ovyo. Anainunua mjini kwa mtu mmoja tu, na kabla ya kuichukua anaisugua kwenye vidole na kuinusa kama mtu anayechagua mdalasini.

Basi baada ya masika kukawa na msiba bondeni. Unga ulisagwa kwetu. Ugali ulipokuja ulikuwa na michirizi ya kijivu. Nilimega tonge, nikajua kabla halijafika mdomoni. Mzee mmoja akalinusa la kwake akasema, "Huu ugali umepikwa jikoni au gereji?"

Watu wakacheka. Msibani! Marehemu hajapoa, nyie mnacheka.

Nikamtafuta mjomba kwa macho. Alikuwa amekaa na wazee wenzake. Alilitafuna tonge lake taratibu, akalimeza, akamega jingine. Akala mpaka akamaliza. Nikasimama na kwenda kunawa, maana ningebaki pale ningemwagia mtu mchuzi.

Siku ya pili yake, foleni imejaa, akapanda yule mama. Ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu kanisani, na kuongea pembeni hajui.

"Mzee mwenzangu," akaanza, "nasema mbele ya watu ili isionekane nasengenya. Watu wanasema unatia oili chafu ya pikipiki kwenye mashine."

"Watu gani?" nikauliza.

"Sijaongea na wewe, binti."

"Mimi nimeongea na wewe."

"Mama," mjomba akaniambia. Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Mama, nyamaza."

"Mkanye, mzee, huyo mdomo wake utamkosesha mume," yule mama akasema. "Sasa sikiliza. Sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia imekaribia. Mahindi ya kina mama yako stoo, na kila mwaka tunayaleta kwako. Lakini mwaka huu kuna wageni mpaka kutoka mjini, na mimi sitaki mgeni anuse tonge lake. Nitaleta debe moja kwanza, nionje. Likitoka kama lile la msibani, mahindi yote yanashuka barabarani."

Barabarani kuna mashine mpya ya umeme ya kijana mmoja aliyekuja kutoka mjini. Wote waliokuwa kwenye foleni walielewa, na wewe uelewe pia. Mahindi ya sikukuu yakishushwa barabarani, ni kijiji kizima kimesema yule mzee ni mchafu. Mtu aliyewasagia unga wa uji tangu hawajaota meno! Huwezi kulifuta jambo hilo. Utazikwa nalo.

Mjomba alijibu, "Nimesikia." Akachukua kitambaa, akaanza kuufuta mfuniko wa kikombe, na ulikuwa hauna hata vumbi. Walipoondoka wote ndipo akasema, "Oili chafu? Mimi?" Hakuwa ananiuliza mimi.

Nikaifungua mashine yote. Kati ya beringi na chumba cha kusagia kuna duara la ngozi ya ng'ombe linalobana shafti ili grisi isipenye kwenda kwenye unga. Nililikuta limelainika kama mkate uliozama kwenye chai. Nikafurahi. Nikakata jipya, nene, nikalifunga, nikasaga ya nyumbani kwetu, unga mweupe. Nikatamani kwenda kumwagia yule mama miguuni. Hazikupita siku nyingi, michirizi ikarudi.

Nikamwambia mjomba tuking'oe kile kikombe. "Tuweke vile vya kisasa, kidude kidogo cha chuma unachokibana na bomba la grisi. Asubuhi mimi napiga bomba kidogo, siku imeisha."

"Na watu watazungusha nini?"

"Wasizungushe kitu, mjomba! Waje wasage, waondoke!"

Akaniangalia kama nimemwambia watu waache kusalimiana.

Basi kama dawa haikuwa kwenye ngozi, nikasema kuna mkono wa mtu. Nikashuka barabarani, mguu kwa mguu, na kila kona hasira inaongezeka. Nikamkuta yule kijana amekaa kwenye kiti cha plastiki, spika inapiga muziki, yuko kwenye simu.

"Oooh, fundi wa mlimani!" akasema. "Karibu uone mashine inayokula umeme. Ya kwenu si inakula sala?"

"Wewe ndiye unayetangaza habari za oili chafu?"

"Dada, punguza sauti, unawatisha kuku."

"Nijibu."

"Nitangaze ya nini? Unga wenu unajitangaza wenyewe. Nasikia msibani walikula na grisi, mboga ya nini tena?"

Wateja wake wakacheka, na wawili kati yao walikuwa wateja wetu. Nikawakariri sura.

"Mjomba wangu ametia grisi kwenye mashine wewe bado unanyonya," nikamwambia.

"Sasa si ndiyo shida yenyewe? Ametia, akatia, akatia. Nyie mashine mnailisha kama bwana harusi. Grisi ikijaa kupita kiasi beringi inachemka, grisi inayeyuka inakuwa maji, inatafuta pa kutokea. Itatokea wapi? Kwenye ugali wa mama zako."

Nikamtukana. Tusi lenyewe siliandiki, karatasi haina kosa. Nikakipiga teke kiti kilichokuwa kitupu, nikaondoka.

Lakini njiani kupanda maneno yake yakawa yananifuata. Grisi inayeyuka. Nilishaona kwenye video beringi iliyojazwa kupita kiasi inavyochemka, nikaipuuza, maana sisi hatujazi. Sisi ni robo. Robo ile ile ya mjomba, miaka yote, na unga ulikuwa mweupe miaka yote. Sasa kilichozidi kimetoka wapi? Nilichukia zaidi kwa sababu nilitaka yule mshenzi awe mwongo.

Kesho yake nikaweka kiganja kwenye nyumba ya beringi mashine ikiwa inasaga. Nikakitoa haraka, pa moto. Nikakaa juu ya magunia matupu, nikaacha kutazama mashine, nikaanza kutazama mikono ya watu.

Nilipoanza kazi mtu alikuja na debe, au gunia zima juu ya bodaboda. Anazungusha mara moja, anamimina, humwoni tena mpaka unga umwishie. Sasa hivi nani ana gunia? Foleni yote ilikuwa visado. Vile vindoo vya rangi, vimeoshwa, vingine havijajaa. Wengine wamebeba mahindi kwenye pembe ya khanga, wamefunga fundo. Anasaga ya kula leo, keshokutwa karudi. Na kila kisado, mkono unashuka, robo. Fundo la khanga linafunguliwa, robo. Naye ale. Naye ale. Naye ale. Hawatazami hata wanachofanya, wanaongea habari zao, mkono unakwenda wenyewe. Mahindi yamepungua, grisi imekuwa mafuriko.

Halafu akafika yeye, mwenyekiti wangu. Akainama. Hakuzungusha robo, alizungusha nusu nzima, kwa nguvu, kama anafunga koki ya maji. "Naye ale," akasema kwa sauti ili asikike kuwa ni mtu wa adabu. Akamimina kisado chake. Akazunguka upande wa unga, akachota kwa vidole, akanusa, akanitazama. Akatikisa kichwa.

Nilisimama. Maneno yote yalikuwa mdomoni, yamepangana, kila moja na kisu chake. Ni wewe! Mkono wako huo! Unaitapisha mashine halafu unakuja kunusa matapishi!

Na hapo hapo nikamwona mjomba. Ameinama na kopo lake, anakijaza kikombe kilichokuwa kimeisha tena, anatabasamu peke yake. "Mwaka huu anakula vizuri," akasema.

Nikafunga mdomo. Sijui kama nimewahi kuufunga kabla ya siku ile. Maana ningesema ni mikono yenu, swali lao la kwanza lingekuwa, na nani alitufundisha?

Nikazima injini, nikawaambia mkanda umechoka, rudini kesho. Walilalamika, nikawaambia walalamike wakiwa wanatembea. Nikamwita mjomba nyuma, kwenye migomba.

"Mjomba, grisi imezidi."

"Imezidi vipi na kikombe kinaisha?"

"Kinaisha kwa sababu wanakizungusha. Debe lilikuwa robo. Sasa kila kisado robo."

Akaangalia vidole vyake, vina grisi mpaka kwenye kucha. "Kila kisado," akasema. Kisha, "Kwa hiyo ni mimi."

"Siyo wewe, ni wao! Hawana akili za kuona? Niache kesho niwaambie wakiwa wote kwenye foleni. Yule mama nimwanze yeye."

"Utamwambia nini? Kwamba alikuwa na adabu?"

"Nitamwambia ukweli."

"Mama, mtu anayekuja na kisado ameshaona aibu toka nyumbani kwake. Wewe unataka umwambie kisado chake hakifiki hata cha kuzungusha kikombe?"

"Wamekuita mchafu!"

"Wameniita mimi. Hawajakuita wewe."

"Ni yale yale!" nikapiga kelele, nikaanza kulia kwa hasira, kitu ninachokichukia kuliko vyote. Mjomba akaniacha nilie. Akachuma jani la mgomba, akajifutia mikono, akauliza, "Hicho kidude cha kupigia bomba kinauzwa wapi?"

Nikashuka mjini na lori la ndizi, nimekaa juu ya mikungu kwenye mashimo yale mpaka kiuno kikafa ganzi. Mwenye duka la vipuri akaniuliza kama nimetumwa na fundi. Nikamwambia fundi ndiye unayemtazama, leta nichague mwenyewe. Nikarudi, nikaiosha beringi kwa mafuta ya taa mpaka grisi yote ya zamani ikatoka, nyeusi, bakuli zima. Nikafunga ngozi mpya na kidude kipya, nikapiga bomba kidogo. Kikombe nikamkabidhi mjomba mkononi. Nilidhani atakiweka ndani, kwenye kabati.

Asubuhi nilipofika nilikuta amekipigilia kwenye nguzo ya banda, karibu na pale watu wanapomiminia mahindi. Kimesimama usawa wa mkono. Ndani hakina kitu. Nyuma yake kuna mti tu.

"Nimekipandisha hapa," akawaambia kina mama walipojaa. "Migongo imechoka, msiwe mnainama."

"Asante, baba," wakasema. Wa kwanza akazungusha. Naye ale. Wa pili akazungusha. Nikawa naangalia kama kuna mmoja atafuata kwa macho kutoka kwenye kikombe kwenda kwenye mashine, aone hakuna kinachounganisha. Kama walitazama, hawakusema. Mpaka leo sijui, na sitawauliza. Nilisimama pale na bomba langu nimelificha nyuma ya magunia kama mwizi, nataka kupasuka. Watu wazima wanazungusha kikombe kitupu kwenye nguzo, na mimi ninayejua ndiye ninayetakiwa kunyamaza!

Mwenyekiti akaja na debe lake la kuonja. Akazungusha, nusu nzima kama kawaida yake. Likasagwa. Akachota unga, akanusa, akaweka kwenye ulimi. Foleni ikasubiri. Mjomba alikuwa anatazama milimani, mkono mmoja ameshika goti.

"Haya, sasa huu ni unga," mwenyekiti akasema. "Mahindi yatakuja kesho."

Nikamwona mjomba anashusha pumzi. Yule mama angeishia hapo mimi ningemsamehe, naapa. Lakini akawageukia wenzake. "Mmeona? Mtu akisemwa ananawa."

Nikang'ata shavu kwa ndani mpaka nikaonja chumvi.

Mahindi ya sikukuu tuliyasaga yote, na hakuna mgeni aliyenusa tonge. Hilo lilipita. Lakini yule mama yupo, na kisado chake kipo, na kila akija anazungusha. Juzi hapa kaja, foleni imejaa, kauzungusha mfuniko ukalia, kwiii.

"We binti," akasema, "hiki kinalia. Siku hizi hamkitii grisi?"

Watu wote wakanigeukia. Mjomba kwenye kiti chake akaacha kutafuna. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mengi, mazuri, mengine nilikuwa nimeyatunza toka siku ya msiba.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Kitie grisi."

Nikaenda kwenye kiti cha mjomba. Akainua miguu nipitishe mkono, akanisogezea kopo mwenyewe. Nikafungua mfuniko, nikakijaza kikombe mpaka juu, yule mama amesimama ananisimamia, ananionyesha kwa kidole pale palipobaki pengo.